Milioni Kasoro Tisa

Jirani yangu hapa Tegeta anajenga uzio. Kila asubuhi mafundi wake wanamwagilia matofali, na ile harufu ya simenti iliyolowa inapita dirishani kwangu, inaingia mpaka kwenye chai. Kuna watu wakinusa harufu ya utotoni mwao wanatabasamu. Mie napandwa na hasira. Na kama vile harufu haikutosha, wiki hiyohiyo, kwenye kundi la simu la sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi kule Chanika, mtu akatuma picha ya ukuta wa shule yetu. Ukutani kuna maandishi ya bluu yaliyofifia: 999,991 NI NAMBA TASA. Chini ya picha akaandika, "Jamani, mnaikumbuka?" Wakacheka weee, kisha mmoja akauliza, "Hawa Kiti yumo humu?"

Nimo. Hawa Kiti ni mie. Maandishi yale niliyaandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikiwa darasa la sita. Na ni uongo.

Kwa aliyesahau hesabu, namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Chukua vizibo saba vya soda, jaribu kuvipanga mistari iliyo sawa. Hupati. Unapata mstari mmoja mrefu, basi. Chukua vizibo kumi na viwili, utavipanga vitatu kwa vinne, au viwili kwa sita, vinakaa vizuri kama mkeka. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe, haina uchawi ndani yake. Mie niliijua kabla ya kuanza shule, maana baba yangu alikuwa mfyatuaji wa matofali.

Kiwanja chake kilikuwa kando ya barabara, mashine ya mkono, lundo la mchanga na pipa la maji. Baba aliishia darasa la nne, lakini kwenye kupanga alikuwa hana mchezo. Tofali likitoka kwenye mashine lilipangwa chini kumi kwa kumi, halikutoka nje ya mstari hata kwa upana wa kidole. Kila mia moja aliiita mkeka. Ukipita pale ungeona mikeka ya kijivu imetandikwa, nasi watoto tukimwagilia kwa makopo, ile harufu ikipanda. Mteja akija, baba hakuhesabu tofali mojamoja. Alihesabu mistari, akazidisha, kazi imekwisha. Mkeka wenye pengo aliuona ni aibu, kama mtu aliyefunga vifungo vya shati upande upande.

Siku moja lori la mchanga lilirudi nyuma vibaya likakanyaga pembe ya mkeka. Tofali tisa zikasagika, tatu kwa tatu, pembeni kabisa. Nilidhani baba atagomba. Hakugomba. Alisimama akautazama ule mkeka uliobomoka pembe, kiganja kidevuni. Ilibaki mistari saba iliyo kamili, ya tofali kumi kumi, na mistari mitatu mifupi ya tofali saba saba. Akaniita, "Hawa, njoo unisaidie." Tukaibeba ile mistari mitatu mifupi, tukaisimamisha ubavuni mwa ile saba mirefu. Ikaingia barabara. Kila mstari sasa ulikuwa na tofali kumi na tatu, na mistari yenyewe saba. Hakuna pengo, hakuna tofali la ziada.

"Unaona?" baba akasema. "Mia ukiitoa tisa, ni saba mara kumi na tatu. Mkeka wa mraba ukitoka pembe ya mraba haufi. Unanyooka tu, unakuwa mrefu upande mmoja, mfupi upande mwingine. Umepungua tatu huku, umeongezeka tatu kule."

Hilo nililishika. Wengine walirithishwa mashamba, mie nilirithishwa hilo.

Darasa la sita hisabati alitufundisha Mwalimu Sanga. Sitasema uongo, alikuwa mwalimu mzuri. Alikuwa na mwandiko safi, hakuwa mtoro, na mtoto asiyeelewa alimrudia mara ya pili na ya tatu. Ndiyo maana yaliyotokea yaliniuma hivi. Ningeumizwa na mwalimu mvivu ningeshasahau.

Siku aliyofundisha namba tasa aliandika ubaoni 999,991. Akatuambia hii ni namba kubwa ajabu na haigawanyiki kwa chochote. Akaijaribu mbele yetu kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu. Kila mara inabaki kitu. Jasho likamtoka, chaki ikamwishia mkononi. Alipofika kumi na tatu akapangusa vidole akasema, "Mmeona wenyewe. Tasa." Tukampigia makofi. Kesho yake akaja na karatasi ya manila ameiandika namba ile kwa kalamu nene, akaibandika juu ya ubao. Akapiga kiti chake kofi, kile kiti cha mbao chenye mto wa kitambaa cha kudarizi, akasema, "Mtoto atakayeigawanya namba hii, kiti hiki atakikalia yeye."

Watu wazima wanasema maneno. Mtoto anayapokea kama risiti.

Nikawa naitazama ile namba kila siku. Wenzangu wakisoma mashairi, mie naitazama. Jumatatu moja tukiwa tumeinamia madaftari, likanijia, wala sikulitafuta. Kwa nini ina tisa nyingi hivi halafu moja mwishoni? Kwa sababu ni milioni iliyopungua tisa. Na milioni ni nini? Ni elfu mara elfu. Ni mkeka. Mkeka mkubwa ambao kiwanja cha baba kisingeuweza, tofali elfu kwa tofali elfu, umetoka pembe ya tatu kwa tatu. Lori limerudi nyuma vibaya. Basi ng'oa mistari mitatu mifupi, isimamishe ubavuni. Elfu kasoro tatu huku, elfu na tatu kule.

Nikaandika 1,003 mara 997 kwenye daftari langu la vyumba vyumba. Nikazidisha taratibu. Ikatoka 999,991. Nikarudia. Ikatoka vilevile. Siku ile nilifua sare yangu mwenyewe jioni, nikaipiga pasi ya mkaa, maana kesho yake nilikuwa nakwenda kukalia kiti cha mwalimu. Nilidhani atafurahi. Nilijua kabisa atafurahi. Nilimwona akilini akicheka na kuwaita walimu wengine waje kuona.

Asubuhi nilinyoosha kidole. Nikaenda ubaoni, nikafanya hesabu yote, mstari kwa mstari, nikaweka jibu, nikapiga mstari chini yake. Kisha, nikiwa na miaka yangu kumi na miwili na akili zangu zote timamu, nikazunguka meza, nikavuta kile kiti, nikakaa.

Mpaka leo nakumbuka ule mto ulivyokuwa laini.

Mwalimu Sanga hakutazama ubao. Alinitazama mie. "Nani kakufundisha upuuzi huu?" akauliza.

"Baba, mwalimu."

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Anafyatua matofali, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko, naye akakiacha kicheko kitambae kwanza. Halafu akasema, "Kumbe siku hizi hesabu zinafundishwa na matofali." Akachukua dasta akafuta ubao wote, asiache hata tarakimu moja. Akaninyanyua kitini kwa sikio, akanichapa viboko vinne vya kiganja cha kulia, mkono ninaoandikia. Akaniambia kesho nisije bila mzazi.

Baba alikuja akitokea kazini, ndala miguuni, simenti imemkaukia mpaka kwenye nyusi. Ofisi ya walimu ilikuwa imejaa. Hakuna aliyempa pa kukaa. "Shikamooni walimu," akasema, ingawa alikuwa mkubwa kuliko wengi wao. Mwalimu Sanga akamweleza kwamba mwanawe hana adabu, kakalia kiti cha mwalimu mbele ya darasa. Habari ya namba hakuigusa. Kiti tu, kiti, kiti.

"Ilikuwaje, Hawa?" baba akauliza.

Nikamfungulia daftari. Nilikuwa nimechora mkeka, nimetia kivuli ile pembe ya tatu kwa tatu, na pembeni hesabu yangu. Baba aliliangalia. Dole gumba lake likatembea juu ya karatasi, upande mmoja, kisha upande wa pili, likaacha alama ya kijivu. Nikasema moyoni, sasa watajua.

Baba akafunga daftari. "Mwombe mwalimu msamaha."

"Kwa kukalia kiti?"

"Kwa vyote."

Kwa vyote. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ile nikaomba msamaha kwa vyote. Mwalimu akasema amenisamehe, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwamba adhabu yangu itakuwa nyepesi, kwa vile mwandiko wangu ni mzuri. Nitaandika ile namba kwa rangi kwenye ukuta wa nje, unaotazamana na mstarini tunapokusanyika asubuhi, ili shule nzima ijifunze. Nami nikaandika. Jumamosi nzima, jua la utosi, kopo la rangi ya bluu mkononi. Tarakimu sita nilizoandika zilikuwa za kweli. Maneno matatu yaliyofuata yalikuwa uongo, na niliyaandika kwa mwandiko mzuri kwa sababu sikujua kuandika vibaya.

Lakini kabla ya rangi kulikuwa na njia ya kurudi nyumbani kutoka ofisini. Nilidhani baba hakuelewa. Nikawa namweleza njia nzima, elfu kwa elfu, lori, pembe, kama wewe ulivyofanya, baba. Naye anaitikia, "Nyamaza, mwanangu." Akaninunulia ubuyu dukani. Sikuula. Nilifikia uamuzi wangu palepale kwamba baba yangu ni mjinga, kwamba lile la mia kutoa tisa alibahatisha tu kama mtu anayejikwaa kwenye kitu cha thamani. Nilimdharau. Naliandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na dharau ile nimeishi nayo muda mrefu kuliko maumivu ya kiganja.

Nilipofika sekondari niligundua jambo jingine la kunitia wazimu. 1,003 yenyewe inagawanyika, ni kumi na saba mara hamsini na tisa. Maana yake ile namba kubwa ya Mwalimu Sanga inagawanyika kwa kumi na saba. Na tasa inayofuata baada ya kumi na tatu ni ipi? Ni kumi na saba. Mtu alijaribu mpaka kumi na tatu, akachoka, akapangusa vidole. Angejaribu mara moja zaidi tu, mara moja, yote haya yasingekuwepo. Mie nilichapwa kwa sababu mtu mzima alichoka hatua moja kabla.

Sasa rudi kwenye lile kundi la simu. Mwalimu Sanga alishafariki, Mungu amrehemu. Kundi likakubaliana kwenda kuupaka upya ule ukuta kumuenzi, na Maulidi, ambaye alikuwa kiranja wetu na hajaacha kuwa kiranja, akapendekeza niandike mie, kwa vile mwandiko ni uleule. Nikajibu kwa ustaarabu kwamba namba ile si tasa, nikaweka na hesabu yake. Unajua nilijibiwaje? "Hawa bado mbishi." Mwingine, "Usimtie marehemu aibu." Mwingine picha ya kiti. Watu wazima, wengine ni wahasibu, simu mkononi ina kikokotozi, hakuna hata mmoja aliyebonyeza. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Kiti wanakikumbuka wote. Hesabu hakuna anayeikumbuka.

Nikaenda Chanika kwa baba. Siku hizi hafyatui, magoti yamegoma. Nilimkuta kibarazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeukunja?"

Nikamweleza habari ya ukuta utakaopakwa rangi Jumamosi, kisha nikamuuliza moja kwa moja swali ambalo sikuwahi kumuuliza. Siku ile ofisini, alielewa au hakuelewa?

Akaendelea kuchambua mchicha. "Mkeka wa elfu kwa elfu umetoka pembe," akasema. "Ulivyonifungulia tu nikaona. Ulikuwa umechora vizuri."

"Basi kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesema nini, Hawa? Nimeingia mule na ndala, walimu wote wananitazama miguu. Niwaambie mwalimu wenu kakosea, mie wa matofali? Wangecheka. Na wewe ulikuwa na mwaka mzima na zaidi mkononi mwa yule bwana. Nikasema funika kombe, mwanangu apite."

"Ungeniambia hata njiani. Tulikuwa wawili tu, baba."

"Ningekuambia njiani, kesho yake ungekwenda kusema baba kasema. Nilikujua."

"Mie nilidhani wewe mjinga," nikamwambia. "Miaka yote hii."

Baba aliondoa kijiti kwenye mchicha, akakiweka pembeni, akaondoa kingine. Nikaondoka bila kula, jambo ambalo kwetu halifanywi.

Jumamosi ya kupaka rangi nilikwenda. Ningebaki nyumbani wangemtafuta mwingine wa kuandika uongo. Ukuta ulikuwa umeshapakwa nyeupe. Zuhura, shoga yangu tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, akaniletea kiti cha plastiki nipande. "Hawa Kiti kapata kiti," Maulidi akasema, wakacheka. Nikapanda. Nilipogeuka kuchovya brashi nikamwona baba anaingia getini taratibu na fimbo yake, kofia kichwani, shati jeupe lililopigwa pasi. Na miguuni viatu, viatu vya kufunga kamba, ambavyo sijui alivitoa wapi. Akakaa juu ya rundo la matofali lililokuwa kando ya ukuta.

Nikaandika 999,991. Nikasimama.

"Malizia, shoga," Zuhura akasema. "Ni namba tasa."

"Siandiki."

"Yaliyopita si ndwele, Hawa," Maulidi akasema. "Mwalimu hayupo, unabishana na nani? Andika twende tukale."

"Siandiki uongo mara mbili."

"Nani kasema ni uongo?"

"Mimi nimesema." Alikuwa baba. Alikuwa ameshasimama, ameegemea fimbo. Sauti yake si kubwa, lakini wote waligeuka, maana mzee anaposema huwezi kumpa mgongo. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku ile nilikuwepo ofisini. Hesabu niliiona, nikaihakiki kwa kidole changu hiki, na mtoto alikuwa sahihi. Nikamwambia aombe msamaha kwa vyote. Aliyetakiwa kuomba msamaha ni mimi, na sijauomba mpaka leo." Akanitazama pale juu. "Nisamehe, mwanangu. Andika ulichokiona."

Msinidhanie vibaya, hasira haikuondoka. Ilikuwa bado ipo, na ipo hata sasa ninapoandika haya na simenti ya jirani inanuka. Maneno yale nilikuwa nayahitaji nikiwa na miaka kumi na miwili, njiani, na ubuyu mkononi. Lakini niliyasikia, na waliyasikia wote. Zuhura alikuwa ametoa simu yake, anabonyeza. Akabonyeza mara ya pili. "Jamani," akasema polepole, "ni kweli."

Nikageukia ukuta. Nikaandika alama ya sawasawa, kisha 997, kisha alama ya kuzidisha, kisha 1,003. Mkono wa kulia, uleule. Nilipomaliza nikashuka, nikakipangusa kile kiti cha plastiki, nikakigeuza kiwatazame, nikakaa.